Rimu Iliyolia Jumamosi

Generose mwanangu,

Mama yako tulimpoteza Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka juzi, kati ya saa mbili kasoro dakika tano na saa mbili na dakika kumi asubuhi. Dakika yenyewe siijui. Nimeitafuta tangu siku hiyo na sijaipata, na unajua mimi si mtu wa kupenda kuandika "kati ya". Bonde hilohilo, asubuhi hiyohiyo, walikwenda na watu wengine wanane. Jumla tisa. Maji yalitoka bwawani yakafuata kijito kama mtu anayerudi kwake.

Hayo unayajua. Kuna moja hulijui, na kesho unapanda gari kwenda Muyinga kuwa mwangalizi wa bwawa la watu wengine. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani saa kumi na moja jioni, wewe umekwenda shuleni kwenu Mushasha kuwaaga masista na wenzako wa kwaya, nami nakuandikia kabla hujarudi. Ukirudi nitaanza kukuuliza kama begi limefungika, na sitasema kitu.

Habari za sabuni, shuka, na usimwachie mtu simu yako, shangazi yako amezimaliza zote. Mimi sina la kuongeza hapo.

Muyinga nimepita mara moja tu. Tulikuwa nyuma ya lori tukitoka kambini Tanzania, wewe una miaka mitatu, umelala juu ya gunia la sufuria. Lori likasimama, tukapewa uji. Mama yako, aliyekulia Tanzania kama mimi na nchi hii aliijua kwa kuhadithiwa tu, akaangalia milima akasema, "Kumbe nchi yetu imesimama wima hivi? Sasa tutalima wapi, ukutani?" Lori zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tulipofika Nyarusange tukakuta shamba la babu yako lina watu, lina migomba yao, lina hata makaburi yao. Tukaonyeshwa ukingo wa kijito. Tuliorudi wengi tulionyeshwa hukohuko chini. Hukatai ardhi ukiwa umeshuka kwenye lori na mtoto. Mama yako akasema angalau si ukutani.

Unajua nilivyojifunza hesabu. Sikukaa darasani zaidi ya miaka minne. Kambini, asiyejua kuhesabu alirudi nyumbani na pungufu, basi nikajua kuhesabu kabla ya kujua kusoma. Uashi nilijifunza kwa kumbebea fundi mmoja matofali mpaka akachoka kunifukuza. Alinionyesha mpira mrefu mweupe unaojazwa maji: mmoja anashika huku, mwingine kule, na maji yenyewe yanakwambia wapi pako juu na wapi pako chini. Maji hayasemi uongo, alisema. Nikajenga nusu ya nyumba za kilima hiki kwa mpira ule. Niliamini kwamba kitu ukikipima vizuri na ukakisema waziwazi, watu watakuelewa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo dogo.

Bwawa lilijengwa wewe ukiwa shule ya msingi. Tuta la udongo, refu, la kumwagilia mpunga wa bondeni. Pembeni waliacha mfereji wa kutolea maji yanayozidi. Kiangazi wakawa wanaweka magunia ya mchanga kwenye ule mfereji ili maji yapande zaidi, halafu kabla ya masika wanayaondoa. Mwaka ule wa maafa hawakuyaondoa. Niliyahesabu: sitini na manne. Nikachukua mpira wangu, nikapima tuta kutoka mwisho hadi mwisho, wewe mwenyewe ulinishikia upande mmoja ukiwa likizo, unakumbuka. Katikati palikuwa pamezama sentimita kumi na moja. Maana yake mfereji ukiziba, maji yatapita juu ya tuta hapo katikati, na udongo ukipitiwa na maji juu hauna mjadala.

Nilikwenda ofisini kwao na karatasi. Injenieri alikuwa kijana safi, viatu vinang'aa. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Mzee, we ni mwashi wa nyumba. Bwawa si choo."

Nikamwambia, "Choo nilichojenga mimi hakijaua mtu."

Wenzake walicheka, na kicheko kile ndicho kilichoiua karatasi yangu. Kumbe nilikwenda kushinda maneno, sikwenda kuondolewa magunia. Barua ya pili na ya tatu walipokea, wakapiga muhuri, basi.

Sasa nije kwenye rimu.

Unajua ni mimi niliyeileta, rimu ya lori, chuma cha gurudumu, nilitoka nayo gereji Gitega mjini nikaitundika kwenye mparachichi wa uwanja wa kanisa, juu kule. Mkutano ulikubali: maji yakija, nitapiga bila kukoma, na kila mtu wa bondeni apande uwanjani. Ukipiga pale, sauti inafika nyumba zote thelathini na moja. Nilipima.

Baada ya miezi mitatu shefu, mkuu wa kilima chetu, akaniambia, "Baba Generose, chuma tunacho, na we ndiye unaamka mapema. Tupigie na Jumamosi, watu waje kwenye kazi ya jumuiya. Na kwa kuwa unajua namba, tushikie na daftari la majina."

Nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi sana. Aliyerudi na gunia la sufuria sasa anashika daftari la kilima. Tukapatana: kwa kazi napiga tatu, napumzika, tatu tena. Kwa maji, bila kukoma. Nani angekosea hapo?

Watu wakaanza kuchelewa. Nyumba thelathini na moja, wanakuja kumi na tisa. Mifereji ya barabara inachimbwa na walewale kila wiki. Nikakasirika. Jumamosi moja nikapiga bila kukoma mpaka waje. Walikuja wote, mbio, akina mama na watoto mgongoni, mzee mmoja na godoro kichwani. Nikawaambia, "Mnaona? Kumbe mnaweza kuwahi!" Nikacheka. Wao hawakucheka.

Jumamosi iliyofuata nilifanya vile tena, wakaja nusu yao mbio na nusu wakitembea. Nikafanya mara tano. Mara ya tano kulikuwa na watu ambao rimu ikilia wanashuka badala ya kupanda. Wanaingia kwenye mpunga na matete kando ya kijito, wanajificha mpaka kazi ianze, kwa sababu mwenye daftari hashuki kwenye matope. Nilijua. Majina yao niliyasoma mbele ya watu baada ya kazi, moja moja, kwa sauti. Jumamosi moja kabla ya ile nililisoma na la mama yako. Nilitaka watu waone sibagui. Waliona.

Ijumaa jioni, kuamkia siku ile, mama yako akaniambia miche yake ya mpunga imefikisha siku thelathini kitaluni.

"Kesho nipandikize. Ikizidi hapo haizai."

"Kesho ni kazi ya jumuiya. Utapandikiza Jumatatu."

"Miche haijui Jumatatu, baba Generose."

"Jina lako nimeshalisoma mara moja. Usinifanye nilisome tena."

Akaendelea kuchambua maharage. Nilidhani nimeshinda.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, ikakatika alfajiri. Nilipanda bwawani peke yangu. Saa moja na dakika ishirini nilikuwa juu ya tuta. Pale katikati maji yalikuwa yamebakiza upana wa vidole vitatu. Mfereji umezibwa na magunia, na juu ya magunia matawi. Mlinzi hayupo. Simu ya ofisi iliita ikaacha, nikapiga tena ikaita ikaacha. Nikakimbia. Saa moja na dakika thelathini na saba nilikuwa chini ya mparachichi na nyundo mkononi. Nikapiga bila kukoma, kama tulivyopatana.

Maji yalifika bondeni saa mbili kasoro dakika tano. Nilipiga dakika kumi na nane. Kutoka kwenye mpunga wa mama yako mpaka uwanjani, kwa kupanda, ni dakika tisa. Nimepima mara nne tangu siku hiyo. Muda ulitosha mara mbili.

Unajua nani waliokuja? Wenye majembe. Watu ishirini na wawili walipanda na majembe yao na thermos za chai, wananung'unika, mmoja ananiuliza, "Leo tena umeamka vibaya?" Wamekuja kuchimba mifereji. Walisimama pale uwanjani na majembe mabegani wakaliona bonde likiwa maji. Wale tisa walikuwa wamesikia kama wengine. Walijificha.

Ulipokuja kuzika ulisikia mhubiri akisema Mungu huwaweka watiifu mahali pa juu. Ulinikasirikia kwa sababu niliondoka kabla ya amina. Sasa unajua kwa nini.

La mama yako mwenyewe nilikuja kulijua siku ya kuondoa msiba, mwaka mmoja baadaye. Aliyeniambia ni Bibiane, yule Mkongomani wa Uvira anayeuza dagaa sokoni, mliyekuwa mkimwita Mama Ndagala. Siku ile alikuwa amekuja kumsaidia mama yako kupandikiza. Maji yalimtupa kwenye mikaratusi na akapona. Mwaka mzima alikuwa ananikwepa njiani, nikidhani ni huzuni. Siku ile akanivuta kando ya nyumba.

"Baba Generose, niko na neno, na iko inanikaba."

"Sema."

"Chuma tulisikia. Mi nikamwambia, we Perpetue, chuma inalia sana leo. Yeye akacheka. Akasema, acha ilie, ni bwana yangu iko natafuta majina. Leo haniandike. Akanishika mkono, akaniambia, inama. Tukainama mu matete. Njo maji ikakuja."

Akalia, akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi.

Inama. Hilo ndilo neno la mwisho la mama yako ninalolijua, na alilisema ili mimi nisimwone. Sikukwambia, ulikuwa na mitihani. Halafu ulimaliza mitihani, nikatafuta sababu nyingine. Sababu hazikosekani.

Wakubwa walikuja, walipiga picha, waligawa mikeka na ndoo. Walipima tuta kwa mashine ya miguu mitatu wakaandika kwamba katikati palizama. Hawakuandika sentimita ngapi kabla, wala nani alisema. Wakaziba palipobomoka kwa udongo uleule. Na watu wamerudi bondeni kulima, waende wapi, ukutani? Wiki iliyopita nilipanda. Mvua za kwanza zimeshanyesha mara mbili, na magunia bado yapo kwenye mfereji: thelathini na manane. Utaniuliza kwa nini siyatoi. Mwaka jana, wewe ukiwa Mushasha, niliyatoa kumi na mawili kwa mikono yangu. Nilikaa ndani siku mbili kwa kuharibu mali ya mradi. Nilipotoka yalikuwa yamerudishwa, na juu yake wameongeza moja.

Rimu niliishusha, iko kwenye banda la mbuzi. Kazi ya jumuiya sasa wanaita kwa kipaza sauti. Maji hayana wa kuyatangaza. Hata nikiitundika leo nikapiga, nusu watakimbia na nusu watasema mzee amerukwa na akili, na kila nusu itakuwa na sababu yake. Onyo nililimaliza mimi mwenyewe, Jumamosi tano, ili nionekane mtu anayeitikiwa.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa sababu naona litasaidia. Naandika kwa sababu Alhamisi ulinionyesha barua yako ya kazi, umeishika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga, na mimi nikaisoma mara tatu. "Mwangalizi atatoa taarifa ofisini. Hatatangaza kwa wananchi bila idhini." Ofisi iko mjini. Bwawa liko mbali. Simu ni ileile.

Tulipokaa kula nikakuuliza, "Na wasipopokea?"

Ukasema, "Inategemea, baba."

"Inategemea nini?"

"Baba, kula. Bugali inapoa."

Nilikula. Lakini sijaimeza hiyo inategemea mpaka sasa.

Ukifika, wiki ya kwanza, tembea kutoka kwenye tuta mpaka nyumba ya mwisho chini. Usipime kwa miguu yako, una miaka ishirini na miwili. Pima kwa miguu ya mama mjamzito, au ya mzee mwenye fimbo, umwombe muende pamoja, umbebee mzigo. Hiyo ndiyo namba yenyewe, nyingine zote ni za kujifurahisha.

Halafu wajue wanaojificha. Kila bonde linao. Waliokwepa kazi, waliokwepa kodi, anayepika pombe mateteni, kijana anayekutana na msichana kwenye migomba. Ofisini watakupa orodha ya nyumba. Watu hao hawamo kwenye orodha ya nyumba, na maji yanaanza na wao. Usiwaandike popote. Ukimwandika mtu mara moja, hatatoka tena akisikia sauti yako.

Na chochote utakachochagua kuwaitia, kengele, filimbi, chuma, kiwe cha maji tu. Watakuja kukiazima. Watataka cha chanjo, cha mkutano, cha mpira wa Jumapili, na watakuomba vizuri, na utakuwa mgeni unayetaka kupendwa. Mimi walinipa daftari. Sijui wewe watakupa nini. Watakuita mchoyo. Bora hivyo.

Na ukipima kitu kikawa kibaya, usiende kushinda maneno na injenieri. Mwache acheke. Mwache aseme we ni msichana tu, bwawa si kwaya. Nilipata jibu zuri siku ile, watu bado wanalirudia kwenye vibanda vya pombe, na magunia yalibaki pale pale.

Sijui kama hayo yana maana yoyote. Huenda la Muyinga ni tuta zuri na mfereji uko wazi, ukakaa miaka thelathini ukiandika namba zilezile kila asubuhi. Ningependa hivyo. Siamini, lakini ningependa.

Sasa nataka kitu kimoja kutoka kwako, na si salamu. Kesho ni Jumapili, unafika jioni. Jumatatu watakuonyesha kazi. Jumanne utaliona bwawa kwa macho yako. Jumatano, saa kumi na mbili jioni kamili, nitakuwa nimesimama kwenye uwanja wa kanisa, chini ya mparachichi, pale ndipo mtandao unaposhika. Unijibu hili: maji yamefika kwenye alama ya hatari, ofisi umeipigia mara mbili haipokei, idhini huna. Utawapigia watu chuma au hutawapigia?

Sema ego au sema oya, ndiyo au hapana. Ukisema oya nitakuelewa. Itaniuma, lakini nitakuelewa, kazi ni moja na sisi tuliipata kwa shida. Sitakurudisha nyumbani wala sitakusema kwa mtu. Nitajua tu kwamba wale watu wa chini nao hawana mtu, na nitaacha kuwafikiria, nina wangu wa kutosha.

Ila usiniambie inategemea. Mama yako alikuwa na dakika kumi na nane, na zote alizitumia kwa sababu yangu akiwa ameinama.

Jumatano. Saa kumi na mbili. Nitasubiri mpaka dakika tisa zipite, halafu nitashuka.

Baba yako